Programu ya notsi imenihamishia kurasa zote kimyakimya, mtihani umeniharibikia

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi nikipayuka.

Mimi nasoma sheria jioni, mchana niko dukani Kariakoo. Muda wangu wa kusoma ni ule wa kwenye mwendokasi kati ya Kimara na Gerezani, nikibahatika kupata siti, na usiku watoto wakishalala. Sina nafasi ya kupekua kitabu cha kurasa mia sita kutafuta aya moja. Ndiyo maana tangu Januari nimekuwa nikitia linki kwenye notsi zangu: kila hoja ninayoandika, pembeni yake kuna linki inayofungua PDF kwenye ukurasa uleule nilioitoa. Nikigusa, nafika. Ziko linki 340. Nimezihesabu jana, moja moja.

Wiki chache zilizopita programu ikajiapdeti usiku. Hakuna tangazo wala onyo lolote. Asubuhi nikajaribu linki mbili tatu, zikafunguka vizuri, nikaenda zangu kazini. Kumbe nilizojaribu zote zilikuwa za vitini nilivyoskaniwa steshenari. Hizo hazikuguswa, na sababu nimekuja kuijua baadaye.

Ngoja nieleze, maana kuna watu watadhani nimekosea mwenyewe. PDF inaweza kuwa na hesabu mbili za kurasa. Moja ni ya karatasi za faili: jalada ni 1, inayofuata ni 2, mpaka mwisho. Nyingine ni namba iliyochapwa kwenye ukurasa wenyewe: dibaji na yaliyomo huwa na namba za Kirumi, halafu 1 inaanza kwenye sura ya kwanza. Kitabu changu cha sheria ya mikataba kina kurasa 18 kabla ya hiyo sura ya kwanza. Kwa hiyo ukurasa uliochapwa 94, kwenye faili ni wa 112. Ukiifungua PDF kwenye Chrome au Firefox ukaandika #page=112 mwishoni mwa anwani, inakupeleka karatasi ya 112, na ndivyo linki zangu zote zilivyokuwa zinahesabu. Baada ya apdeti, programu ikaanza kuisoma ile 112 kama namba iliyochapwa. Ikawa inanipeleka kurasa 18 mbele. Vitini vya skani vina hesabu moja tu, ndiyo maana vilibaki salama.

Sasa sikieni kilichonikuta. Tulikuwa na mtihani wa kuruhusiwa kuingia na laptopu, intaneti imezimwa. Swali la kwanza: kijana wa miaka 17 kasaini mkataba wa kununua bodaboda kwa awamu. Kifungu nakijua, ni cha 11 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mtu awe ametimiza umri wa utu uzima. Nilichotaka ni maelezo ya mwandishi tu. Nagusa linki, inafunguka kwenye mambo ya udanganyifu. Nagusa nyingine, niko katikati ya shuruti. Nikajua nimechanganya mafaili, nikaanza kufungua moja baada ya jingine huku jasho linanitoka. Dakika ishirini zikayeyuka hapo.

Na hayo ya dakika ningeyasamehe. Linki ikigoma kabisa, unajua imegoma, unatafuta njia nyingine. Hizi hazikugoma. Swali la tatu linki ilifunguka kwenye aya iliyoendana na swali vizuri kabisa, nikainukuu kama msimamo wa mwandishi, nikajenga jibu zima juu yake. Karatasi zimerudi Alhamisi. Pembeni ya jibu langu mhadhiri ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mwandishi hasemi hivi." Nimerudi kwenye kitabu, ni kweli hasemi. Aya ile alikuwa anaeleza hoja ya upande wa pili, na kurasa mbili mbele anaibomoa. Mimi mwenyewe niliwahi kuisoma ile sura mwanzo mwisho. Nilikuwa najua msimamo wake, nikaiamini linki kuliko kichwa changu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Niliwaandikia wenye programu. Siku sita kimya, halafu jibu la mistari miwili: hayo ni maboresho, watumiaji waliyaomba. Sikatai kwamba kuna watu walikuwa na haja nayo, maana ukinukuu kwenye kazi ya darasani unataja namba iliyochapwa, si ya faili. Basi wangeanza na linki mpya! Hizi za zamani mngeziacha zihesabu kama tulivyoziweka, au mngetuuliza mara moja tu kabla ya kubadilisha. PDF ipo tangu 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa. Hesabu hizi mbili hazijaanza jana. Mtu aliyeandika hiyo apdeti alijua linki za watu zitahama, na akaiachia hivyohivyo. Na kila mwezi nalipia, hela inakatwa kwenye simu siku ileile bila kuchelewa.

Ninachotaka kwao: warudishe hesabu ya zamani kwa linki za zamani, waweke sehemu ya kuchagua kwa kila faili, na wawaambie watumiaji wote kilichotokea. Kuna wanaosoma udaktari na uhasibu kwa programu hii hii, na sasa hivi wanafunguliwa ukurasa usio wao bila kujua.

Kwa wadau humu: kuna anayejua njia ya kuitoa ile tofauti kwenye namba za linki zote kwa mkupuo? Shida ni kwamba kila kitabu kina tofauti yake, kimoja 18, kingine 12, kingine 31. Kwa sasa natengeneza kwa mkono, na kila linki naiandikia pembeni kifungu pamoja na maneno manne ya mwanzo wa aya, ili hata namba ikihama nitafute kwa maneno. Nimefikisha 61, zimebaki 279, na mtihani wa mwisho ni tarehe 3.