Jiko la makaa chumbani kwa mzazi, na sote vichwa vinatuuma

BabaMpya_Kisauni
Jumamosi, saa 5:20 usiku

Asalaam aleikum jamaa. Naandika nikiwa nje kwenye ngazi, maana ndani hakukaliki.

Mke wangu leo ana siku ya 12 tangu ajifungue, mtoto wa kike, alhamdulillahi. Mama mkwe amekuja kutoka Faza kumlea mzazi, na kwa kweli amemlea: uji wa pilipili manga asubuhi, maji ya kukandwa, supu ya pweza. Mimi mwenyewe nimenenepa. Shida ni jiko. Tumepanga ghorofa ya tatu, chumba na sebule, madirisha ya alumini. Tangu kusi ishike na manyunyu haya ya mwezi wa 7, kila magharibi anawasha jiko la makaa kwenye korido, anangoja moshi uishe na makaa yakolee, kisha analiingiza chumbani, anatupia udi, anafunga madirisha na kusukumiza taulo chini ya mlango. Asema mzazi akiingiwa na baridi kabla ya arobaini ataumwa mgongo mpaka uzeeni.

Siku ya nne leo mke wangu anaamka kichwa kinamgonga, moyo unamchafuka, miguu haina nguvu. Ikifika adhuhuri, akishakaa sebuleni, yuko sawa, anacheka. Usiku yale yale. Juzi nilimpeleka zahanati wakampima malaria, hana. Homa hana. Akapewa vidonge vya kichwa.

Jana nimerudi na tuktuk saa sita usiku, nikakaa nao chumbani nusu saa, nikasikia kipaji cha uso kinapiga ngoma. Na mama mkwe mwenyewe, hili ndilo lililonishtua, amejifunga leso kichwani kapaka mafuta ya karafuu, asema ni uchovu wa kulea.

Yaweza kuwa ni jiko? Moshi hakuna hata chembe. Na kama ni jiko, namwambiaje? Yule ni mkwe wangu. Mpaka leo sijapata kumtazama usoni sawasawa, nikimwambia "mama, toa jiko" itakuwa kama nimemfukuza.

Mkunga_Mstaafu
Jumamosi, saa 5:31 usiku

Mwanangu, inuka sasa hivi. Fungua madirisha yote na mlango, watoe wote watatu, jiko liende nje. Halafu ndio urudi usome. Ukwe utautengeneza kesho.

Ushatoka? Haya. Hiyo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Moshi ukiisha watu hudhani na sumu imeisha, kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoitoa kwa wingi. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukalia pale ambapo oksijeni ingekaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua vizuri, kifua hakibani, lakini ubongo na moyo vinakosa hewa.

Wewe mwenyewe umeshajibu swali lako. Kichwa na kichefuchefu bila homa, nyumba nzima kwa pamoja, na nafuu ukitoka chumbani: malaria haifanyi hivyo. Nimekaa wodini miaka 31, na wagonjwa wa namna hii niliwaona wakirudishwa nyumbani na dawa za malaria, halafu wakarudi kulala chumba kile kile.

Sasa mtoto. Anapumua upesi kuliko sisi, kwa hiyo anavuta zaidi, na hawezi kusema kichwa kinauma. Atalala tu, kunyonya atalegea, nanyi mtasema mashaallah mtoto mtulivu. Aliponyonya jioni alinyonya kwa nguvu?

Nendeni hospitali usiku huu, hata kama wamepata nafuu. Neno la kwanza kwa daktari liwe "tumelala na jiko la makaa, madirisha yamefungwa". Usianze na kichwa, watakupeleka kwenye malaria tena. Na wakimbana kile kipimo cha oksijeni kidoleni kikaandika 98, usikubali kuambiwa yuko sawa. Kile kidude hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii, vyote kwake ni vyekundu. Dawa yake ni oksijeni ya barakoa. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka kwa saa 4 au 5 hivi, kwa oksijeni safi ni kama saa moja au moja na nusu.

Bi_Likoni
Jumamosi, saa 5:58 usiku

Pole shemeji. Sisi kwetu tunaweka bakuli la maji kando ya jiko, linanyonya ile hewa mbaya. Jaribu hivyo, mama hatakasirika.

Mkunga_Mstaafu
Jumamosi, saa 6:03 usiku

Bi Likoni, hapana. Gesi hii haiyeyuki majini hivyo. Bakuli la maji, kitambaa kibichi, kitunguu kilichokatwa, vyote nimeviona na vyote havikumsaidia mtu. Afadhali usiweke chochote ukaogopa, kuliko uweke bakuli ukalala.

Mwana_wa_Mvita
Jumapili, saa 1:10 asubuhi

Siku hizi kila kitu cha wazee ni sumu. Sisi ndugu tisa tumezaliwa Majengo, mama alifukizwa arobaini zote tisa na jiko chini ya kitanda, na mwaka huu ana miaka 84. Acheni kutisha watu.

Fundi_Madirisha
Jumapili, saa 2:45 asubuhi

Kaka, mama yako Mungu amzidishie umri. Lakini hebu ikumbuke ile nyumba. Kuta za udongo na fito, paa la makuti, na kati ya ukuta na paa pengo ambalo paka alipita. Hata zile za mawe za Mji wa Kale, dari iko juu kule kwenye boriti, madirisha ni ya mbao, ukifunga bado upepo unapenya. Jiko lilikuwa ndani ya nyumba inayopumua.

Mimi kazi yangu ni kufunga madirisha ya alumini, na mteja akilalamika kwamba vumbi linaingia narudi na silikoni na mpira mpaka hata unyoya hautikisiki. Chumba cha futi kumi kwa kumi nikikimaliza ni chupa yenye kizibo. Na kwa huyu jamaa wameongeza na taulo! Jiko ni lile lile, mzazi ni yule yule, kilichobadilika ni chumba.

Nilijua kwa kichwa changu. Mwaka juzi nilikuwa nafunga kabati la vioo kwenye duka moja, stima ikapotea, mwenye duka akawasha jenereta chumba cha nyuma kwa kuogopa wezi, mlango wa chuma kaushusha nusu. Nilijikuta nimekaa sakafuni nacheka bila sababu, bisibisi siioni na iko mkononi. Kijana wangu ndiye aliyenivuta nje. Na mlango ulikuwa nusu wazi, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kufungua dirisha kidogo kunatosha.

Jambo jingine: kengele ya moshi haiisikii gesi hii. Gesi hii ina kengele yake maalumu, nayo ina muda wake wa kuisha, angalia tarehe iliyoandikwa nyuma.

Mchoma_Mishkaki
Jumapili, saa 4:15 usiku

Naunga mkono. Mimi niko na makaa kila jioni kule Lighthouse, upepo wa bahari unanisaidia. Mmeona ule moto mdogo wa buluu unaocheza juu ya makaa? Mwanangu alisoma kemia, akaniambia ule ndio gesi yenyewe inaungua. Moto wa buluu ukizimika na makaa bado mekundu, gesi haiungui tena, inatoka hivi hivi. Na hapo ndipo watu wanapoliingiza jiko ndani.

BabaMpya_Kisauni
Jumatatu, saa 3:00 usiku

Nimerudi jamaa. Mkunga, Mungu akulipe. Mtoto hakuwa ananyonya kwa nguvu, nilipoulizwa ndipo nikakumbuka.

Tulitoka na tuktuk yangu, sote wanne. Kipimo cha kidoleni kiliandika 97 na yule kijana wa mapokezi akaanza kutuambia turudi asubuhi. Nikasema neno kwa neno kama ulivyonifunza. Daktari aliposikia "makaa" akainuka. Mke wangu alivishwa barakoa mpaka alfajiri, mtoto naye akawekewa oksijeni yake ndogo, na mama mkwe akaambiwa akae kitanda cha tatu. Alikataa. Daktari akamwuliza kichwa kinamuuma tangu lini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ile karafuu nilikuwa napaka bure," akapanda kitandani.

Kwa hiyo sikulazimika kumwambia chochote. Mamangu alivuka na feri Jumapili, wakakaa wawili sebuleni wakaongea ya wanawake, nilipoitwa chai mambo yalikuwa yameshapangwa: kukanda ni mchana na madirisha wazi, usiku ni blanketi zito na soksi. Jiko halivuki kizingiti. Udi mama mkwe amekataa kabisa kuuacha, chetezo sasa kiko kwenye korido, na tangu jana ghorofa nzima inanukia. Jirani wa mkabala amegonga kuuliza nani anaoa.