Mrejesho: sauti kukauka mbele ya wakubwa kazini

Ndugu zangu, niliwauliza nifanyeje: mimi mhasibu kijana wa Lubumbashi, ofisi ya kusafirisha shaba kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kila nikiitwa kusema kikaoni sauti inakauka. Asanteni sana, mmenifaa.

Ulionisaidia kuliko yote ni ushauri wa dada aliyemtaja Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1977 kwamba kujiamini hujengwa zaidi na kazi uliyoifanya mwenyewe ikafaulu. Kutiwa moyo kwa maneno tu hakufiki mbali hivyo. Basi sikungoja kujisikia tayari. Niliomba kazi moja ndogo iwe yangu: kulinganisha hati za mizani na ankara kabla lori hazijaondoka. Nikazipitia tani kwa tani mpaka nikazizoea kabisa.

Juzi Papa mkurugenzi akauliza kwa nini ankara moja imezidi. Watu kimya. Nikasema: "Papa, hapa wameandika uzito wa lori pamoja na mzigo. Uzito wa lori tupu haukutolewa." Akavuta karatasi, akafuata mistari kwa kalamu, akaniambia niendelee. Nikaendelea hadi mwisho, na sauti ilikuwepo!

Ushauri ule mwingine, wa kujisifu mbele ya kioo, haukunifaa, labda unawafaa wengine. Kifaransa mbele ya wageni bado kinanisumbua. Sentensi ya kwanza naiandika kwanza kwenye daftari.

Sasa nimepewa mwanafunzi wa stashi, yaani wa mafunzo ya kazini, nimfundishe kazi hiyohiyo. Naye haongei. Aliyewahi kumlea kijana wa namna hiyo kazini, tafadhali anieleze alianzia wapi.