Boksi la "zana zote za kuanzia ndege" limenipiga, na nyie washauri mmechangia

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na sina mpango wa kusubiri ipoe.

Nimejibana muda mrefu mpaka nikapata seti ya mkia wa ndege ya kujijengea nyumbani. (Nasema seti makusudi. Kila nikimwambia mtu nimenunua "kiti" cha ndege ananiuliza nasafiri lini.) Ni ya alumini, inafungwa kwa ribiti ngumu za kugonga, zile ambazo kichwa cha upande wa pili unakitengeneza mwenyewe. Nikauliza swali la kawaida tu: mwenye mfuko mwembamba anaanza na zana zipi? Kundi moja likanijibu ninunue kila kitu cha bei ya juu, na kama siwezi basi huu mchezo si wangu. Kundi la pili likasema chukua chochote, chuma ni chuma. Wa katikati sikumpata hata mmoja. Nikaingia mkenge, nikanunua boksi lililoandikwa kwamba lina zana zote za kuanzia ndege.

Ndege IPI? Muuzaji hakuuliza, na mimi kwa ujinga wangu sikujiuliza. Anayejenga RV-12 au Zenith CH 750, ambazo nazo ni ndege za kujijengea, anatumia zaidi ribiti za kuvuta, zile unazozifunga ukiwa upande mmoja tu. Mpe drili, kleko (vibanio vya springi vya kushikilia mabati kwa muda), kivutio cha ribiti na tupa, kesho yake yuko kazini. Mimi wa ribiti ngumu nataka koleo la kubania ribiti, bunduki ya hewa ya kuzigonga, chuma cha kukingia kwa nyuma zikigongwa, na vibonyezo. Mwenye ndege ya faiba yeye shida yake ni mzani na mkasi wa kitambaa. Sote tunauziwa boksi lile lile! Langu lilikuja na mikasi mitatu ya bati. Mabati ya seti yangu yametoka kiwandani yameshakatwa na kutobolewa. Hiyo mikasi nikatie kucha?

Sasa njooni kwenye vibonyezo, maana hapo ndipo nilipoumia.

Kwa asiyejua: ni jozi, dume na jike. Unaliweka tundu katikati yao, unabana, bati linapata kishimo cha nyuzi 100 ili kichwa cha ribiti kilale sawa na ngozi ya ndege. Kibonyezo kizuri uso wake unang'aa na ukingo wake umelainishwa. Hivi vya boksi ukipitisha ukucha unahisi mistari ya mashine iliyovichonga. Nikajaribu kwenye kipande cha mazoezi, ikatokea pete kuzunguka kishimo. Nikajiambia ni mkono wangu bado mgeni. Nikahamia kwenye ngozi yenyewe ya bawa dogo la mkia, nikabonyeza matundu 11 kabla sijainamisha taa. Wakuu, pete 11 zimepangana kama mtu amegandamiza vizibo vya soda. Na tatizo si sura peke yake. Lile bati limevikwa tabaka jembamba la alumini safi linalolikinga na kutu, na pete zangu zimelikwangua. Ngozi nzima naagiza upya. Nafuu niliyoipata kwenye boksi imeishia hapo, na deni juu.

Kekee ya kuzamishia vichwa, ile inayochonga mdomo wa tundu ili kichwa cha ribiti kizame, nayo ni ya nyuzi 90. Kwenye ribiti za nyuzi 100. Aliyeipanga kwenye boksi la ndege hajawahi kuona ribiti ya ndege, msinibishie.

Halafu kuna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika. Boliti ndogo ya ndege iitwayo AN3 nati yake inakazwa paundi-inchi 20 hadi 25. Spana waliyonipa inaanzia paundi-FUTI 10, yaani paundi-inchi 120, karibu mara tano ya kikomo cha juu. Hiyo ni spana ya magurudumu ya gari. Niliifunga kwenye kipande cha majaribio nikasubiri ilie "tak". Haikulia. Zilizolia ni nyuzi za nati.

Bunduki ya ribiti? Wameniwekea nyundo ya hewa ya kukatia vyuma. Ukigusa kitufe inafyatuka yote kwa mkupuo, haikubali kubembelezwa. Ribiti ya 1/8 ya inchi, kichwa unachogonga kinatakiwa kiwe na upana wa 3/16 na kimo cha 1/16; zangu zilitoka bapa kama sarafu. Ukitaka kuitoa unaikeketa, na mkono ukiteleza kidogo tundu linapanuka.

Nimemwandikia muuzaji. Jibu: zana zimeshatumika, hazirudishwi. Ningejuaje ni mbovu bila kuzitumia?

Ila kinachonikera kuliko muuzaji ni nyie mafundi mnaojua. Baada ya hasara ndipo mmoja ananiambia pembeni, kwa utulivu kabisa, kwamba kleko za mtumba hazina neno, ilimradi springi zibane (za rangi ya fedha kwa tundu la 3/32 ya inchi, za rangi ya shaba kwa 1/8, na utahitaji mamia; boksi lilikuwa na 50, bati moja likazimeza). Kwamba chuma cha kukingia kinaweza kuwa kipande chochote kizito cha chuma ukikisugua mpaka king'ae. Kile cha tangisteni ni kizuri kwa sababu ni kidogo na kizito zaidi ya mara mbili, unakipenyeza kwenye kona, lakini si cha siku ya kwanza. Kwamba badala ya koleo la hewa la bei mbaya, vishimo vya ngozi karibu vyote unaweza kubonyeza kwa fremu ya C (chuma chenye umbo la C kinachoshika vibonyezo) na nyundo ya mkono. Kwamba meza unajigongea mwenyewe kwa mbao, cha muhimu isipinde. Na kwamba pesa yako yote uiweke kwenye vibonyezo, bunduki, biti za drili na spana ya toki ya vipimo vidogo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoacha alama kwenye ndege.

Hayo ni maneno ya dakika mbili! Mlikuwa wapi nilipouliza? Mlikuwa mnagombana kompresa ipi haina kelele.

Muuzaji simtaji, nisije nikaitwa mahali. Mikasi mitatu ipo, haijaguswa, anayetaka aje achukue bure. Na kama kuna aliyemaliza mkia wake na vibonyezo vyake vya 3/32 vimekaa tu kwenye droo, aniambie bei. Ila anitumie kwanza picha ya uso wake, taa ikipiga kwa ubavu.