Miche inakauka kwenye ardhi tupu: tupande tena au tuchimbe makinga maji ya nusu mwezi?

Bonde Kavu
Wakuu, naomba ushauri. Eneo ni hekta 40 za malisho ya pamoja, mteremko wa asilimia 2 hadi 3, mvua kama milimita 350 kwa mwaka, na karibu zote zinashuka ndani ya siku chache. Juu ya udongo kuna gamba gumu, maji yanateleza utadhani sakafu ya saruji. Ilipandwa miche 2,000, iliyo hai haifiki 200. Watu 40 wako tayari kufanya kazi, na mfadhili anataka kuona miti. Je, tujaribu mti mgumu kama mathenge (Prosopis juliflora), au tuchimbe nusu mwezi? Vipimo vyake vikoje?

Fremu A
Mkuu, miche hiyo haikufa kwa sababu ya aina ya mti. Mvua ilipita juu yake ikaenda zake mtoni. Ukirudia kupanda juu ya gamba lilelile utapata matokeo yaleyale, hata ukibadilisha mti mara kumi.

Nusu mwezi ni shimo la nusu duara lenye tuta la udongo kwenye ukingo wake: kipenyo mita 4, upande wazi utazame juu ya mteremko, tuta likae upande wa chini. Kina cha shimo sentimita 15 kwa wastani. Tuta liwe na kitako cha mita 1, kimo sentimita 40 katikati, likishuka hadi 20 kwenye ncha. Usilifanye la kimo kimoja, kwa sababu kwenye mteremko wa asilimia 3 katikati ya tuta pako chini ya ncha kwa sentimita 6, na maji yatapandia hapo hapo. Hesabu inajitosheleza: shimo linatoa kama mita 0.94 za ujazo za udongo, na tuta linakula kiasi hichohicho. Udongo ukibaki au ukipungua sana, rudi upime, kuna mahali pamekosewa. Na lishindiliwe kwa miguu kila tabaka linapowekwa. Tuta la udongo uliomwagwa tu halivuki mvua ya kwanza.

Ncha ya shimo hadi ncha ya shimo jirani acha mita 4, mstari wa ncha hadi mstari wa ncha unaofuata mita 4, na mstari wa pili uhame ili kila shimo likae chini ya pengo la mstari wa juu. Hapo unapata mashimo kama 312 kwa hekta, kila moja likikusanya maji ya mita za mraba 25 hivi za ardhi tupu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Ikinyesha milimita 20, na asilimia 40 tu ya maji ikatiririka, shimo linapokea lita 200 juu ya zile 125 zilizoangukia ndani yake. Mche wa kwenye ardhi tupu haujawahi kuona maji hayo.

Kinachobomoa kazi mara nyingi ni ncha. Zote mbili lazima zikae kwenye kontua moja, yaani mstari wa ardhi wenye kimo kilekile. Moja ikishuka sentimita 5, maji yote yanatokea upande huo, yanaikata, yanaangukia shimo la chini kwa kasi, na mstari mzima unafuata. Macho hayapimi kontua, tumia fremu A: nguzo mbili za mita 2 zilizofungwa juu, ubao wa kukatisha katikati, na uzi wenye jiwe. Kuiweka sawa, simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama uzi unapokatiza ubao, geuza miguu ibadilishane vigingi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Siku ya upepo ipumzishe, jiwe halitatulia.

Kisiki
Naongezea jambo linalotakiwa kufanyika kabla ya sururu kugusa ardhi. Tembeeni eneo lote mkitafuta visiki. Kile kichaka kinachofika gotini, chenye matawi mengi membamba yaliyotafunwa, mara nyingi ni mti mzima ambao mizizi yake iko hai chini. Mzizi huo unafikia unyevu ambao mche wa kitalu utahitaji miaka kuufikia. Niger imerudisha miti kwa njia hii kwenye takriban hekta milioni 5 tangu miaka ya 1980, karibu bila kitalu.

Kwenye kila kisiki chagua machipukizi 2 au 3, yaliyonyooka na manene kuliko mengine. Mengine kata. Kwenye yaliyobaki ondoa matawi ya pembeni hadi nusu ya kimo, usizidishe, mti mchanga ukivuliwa majani mengi unalegea na kulala. Kata ukianzia chini kwenda juu kwa kisu kikali, panga butu linachana gome na kufungulia wadudu mlango. Funga kitambaa chenye rangi ili mkata kuni ajue huo una mwenyewe, kisha miiba uliyokata izungushie hapohapo kuzuia mbuzi. Rudi baada ya miezi michache, machipukizi mapya yatakuwa yamejaa tena.

Mathenge sahau kabisa. Maganda yake matamu yanaliwa na mbuzi, mbegu zinatoka salama kwenye kinyesi, na ukiukata juu ya ardhi unachipua vichaka. Hata samadi ya mifugo iliyokula maganda hayo msiiweke mashimoni.

Mchungaji wa Nyasi
Nakubaliana na wote wawili, ila mmeruka mifugo. Msifunge hekta 40 kwa mpigo. Ng'ombe watakwenda wapi? Watavunja makubaliano usiku. Anzeni na 10, zipumzike misimu miwili kamili ya mvua bila kuchungwa, kisha nyasi zikatwe na kubebwa. Andikeni mapema nani atakata, lini, na kila kaya inapata mizigo mingapi. Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulisimama juu ya ngitili, malisho ya kuhifadhi ambayo wafugaji walikuwa wakiyaelewa tayari.

Mbegu za nyasi: *Cenchrus ciliaris* na *Eragrostis superba* zinafaa hapo. Kilo 5 kwa hekta ya eneo linalopandwa, maana yake gramu 6 hivi kwa kila nusu mwezi pamoja na tuta. Kosa kubwa ni kupanda mbegu mbichi. Zihifadhiwe pakavu miezi 6 baada ya kuvunwa, kisha weka 100 kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya 30, ongeza kiasi mara mbili. Mbegu isizikwe zaidi ya sentimita 1, buruta tawi la miiba juu yake, inatosha.

Bonde Kavu
Shukrani sana wakuu. Kazi ya hekta 10 ni siku ngapi? Na mfadhili anayehesabu miti nimwambie nini?

Fremu A
Mashimo 3,120. Mtu mmoja anamaliza 2 hadi 4 kwa siku kulingana na ugumu wa udongo. Chukua 3: siku 1,040 za mtu mmoja, kwa watu 40 ni siku 26. Anzeni mvua inapokatika tu, udongo ukiwa bado una unyevu. Mkingoja kiangazi kikolee mtavunja mipini.

Mfadhili mpe hesabu ya visiki vilivyofungwa vitambaa, nayo ni miti, tena haitanyauka mwezi ujao. Miche kidogo mkitaka pandeni msimu wa pili, kwenye kitako cha ndani cha tuta. Pale chini kabisa ya shimo maji yakisimama muda mrefu mizizi inaweza kuoza. Fedha za biashara ya hewa ukaa msiziweke kwenye bajeti, kwa hekta 40 gharama ya kupima na kuhakiki itazimeza.

Mvua ya kwanza ikipita, kagueni mstari wa juu kabisa siku ileile. Ukikatika huo, ya chini yote iko njiani.