Mwalimu mtarajiwa apangiwe BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) kwao au mbali na kwao?

Mwanachuo Mwaka wa Pili:
Habari zenu wakuu, na shikamooni walimu wote mliomo humu. Mwezi ujao tunatoka kwenda BTP na hapa chuoni ubishi hauishi. Upande mmoja unasema mwanachuo apangiwe wilaya ya kwao: anajua lugha ya watoto, anajua msimu wa shamba, na hahangaiki na kodi ya chumba. Upande wa pili unasema apelekwe mbali, kwa sababu kwao anaingia darasani na koo za watu kichwani. Yule baba yake mlevi, ukoo ule hawasomi, basi mtoto ameshahukumiwa kabla hajafungua daftari.

Mkufunzi ametuagiza kila mtu aandike ukurasa mmoja wa mambo anayoyaamini kuhusu wanafunzi kabla hajaonana nao. Ya kwangu ni matatu: mtoto wa Pwani hana haraka na shule, anayekimbilia dawati la nyuma ameshakubali kufeli, mwandiko mbaya ni uvivu. Sijivunii hata moja, ila nimeagizwa niandike ukweli. Sasa naomba maoni yenu: kwao au mbali? Na hiyo karatasi inamsaidia nini mtu akishashika chaki?

Chaki Nyeupe:
Mbali. Ukiwa kwenu, upendeleo wako huuoni kwa sababu walimu wenzako, mwenyekiti wa kijiji na shangazi yako wote wanao huohuo. Ugenini utaulizwa "kwa nini unamwita yule tu?" na utakosa jibu.

Kuhusu karatasi, peke yake haisaidii kitu. Chora ramani ya darasa, kila dawati mstatili, ndani yake namba za watoto. Mpe mwanachuo mwenzako akae nyuma na penseli. Kila ukimwita mtoto anaweka kijistari kwenye namba yake, na mwisho wa dakika 40 mnahesabu. Karibu kila mara vijistari vinajazana safu mbili za mbele na katikati, wa pembeni na nyuma weupe. Hapo ndipo utajua unaamini nini, kuliko ulivyoandika kwenye ukurasa.

Bibo Tamu:
"Mtoto wa Pwani hana haraka na shule." Mleta mada umeandika hivyo halafu unaomba tuzungumzie nauli na kodi ya chumba? Hapana, tuanzie hapa.

Wajerumani walipotaka makarani na maakida walifungua shule yao ya serikali Tanga, miaka ya 1890, na wengi waliosoma pale ndio walioandika barua za serikali huko bara. Mtoto wa Pwani alikuwa anasoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu kabla misheni nyingi za bara hazijachimba msingi. Kilichotokea baadaye kinajulikana: shule nyingi zikawa za misheni, na mlango wa darasa ukawa uleule wa ubatizo. Mzazi Mwislamu akamzuia mtoto wake. Alikuwa analinda dini yake, elimu hakuikataa. Leo mjukuu wake anaitwa hana haraka na shule na mtu ambaye mwezi ujao anakabidhiwa watoto 90. Hili haliponi kwa kuandika ukurasa mmoja.

Mzee wa Ratiba:
Bibo Tamu, historia ni sahihi lakini hasira punguza, kijana amekiri mwenyewe. Tusikatae pia yanayoonekana. Nenda Mtwara na Lindi mwezi wa kumi, hesabu madawati matupu. Korosho, na kabla ya hapo unyago na jando. Ndiyo maana darasa la saba wanafeli, mtihani unawakuta mashambani.

Bibo Tamu:
Mzee, wewe ndiye unayethibitisha ninachosema. Kwanza, ndani ya huo mkoa wa Mtwara, Newala iko juu ya uwanda wa Makonde na Masasi iko ndani kabisa. Hao si watu wa Pwani, mnatuweka kapu moja kwa sababu kwenu kila kilicho kusini ya Rufiji ni bahari. Masasi ina misheni tangu 1876 na Ndanda tangu 1906. Mkapa ametoka huko.

Pili, mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Korosho zinaanza kudondoka kwa wingi Oktoba na kuendelea. Anayekutwa na msimu ni wa darasa la nne, maana upimaji wao ni mwisho wa Oktoba au hapo karibu, na kidato cha pili Novemba. Umesema jambo kwa uhakika na umekosea mtihani, lakini lawama umempa mtoto.

Mzee wa Ratiba:
Kwa darasa la saba nimekosea, nakubali. Madawati matupu ya Oktoba sijakosea.

Bibo Tamu:
Basi sema kwa nini yako matupu. Korosho haichumwi mtini, inadondoka yenyewe ikiwa na bibo lake, yaani tunda lake. Inatakiwa iokotwe haraka na kukongolewa kutoka kwenye bibo, kisha ianikwe. Ikilala chini siku nyingi na mvua za kwanza zikaikuta, inapata madoa, na kwenye chama cha msingi cha ushirika inapokewa daraja la pili. Tofauti hiyo ya bei ndiyo sare na daftari za Januari. Kwa hiyo familia inahitaji mikono mingi kwa wiki chache, na mikono iliyopo ni ya watoto. Mzazi amepiga hesabu. Mwalimu anayejua hili anafungua daftari la mahudhurio la mwaka jana, anahesabu Oktoba siku kwa siku, anaona ni siku zipi wanapungua, halafu mada mpya ya sehemu au ya kugawanya haiweki kwenye siku hizo. Anaweka marudio. Asiyejua anaandika "watoro" kwa kalamu nyekundu na kwenda kunywa chai.

Na jando na unyago zinafanywa likizo. Zikivuka likizo, kaa na wazee wa kijiji Mei, kabla tarehe haijapangwa. Ukienda Julai umechelewa.

Mama Zamu:
Naona uzi umehamia Newala. Sawa, ila ngoja niseme kuhusu kwao au mbali, maana mnapita juu ya jambo kubwa, nalo ni lugha.

Mwanachuo anayepelekwa mbali akipangiwa darasa la kwanza au la pili, upendeleo wake wa kwanza utakuwa masikioni. Chukua upimaji wa kusoma, kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Mtoto aliyekulia Kisukuma hana r nyumbani. Unampa sentensi "Baba amepiga kura". Anasoma "amepiga kula". Mwalimu mgeni anaweka kosa, na makosa yakiwa mengi mtoto anaandikwa hajui kusoma, anapelekwa kundi la nyuma. Kabla hujaweka kosa, muulize: "Baba alikuwa wapi?" Akikwambia alikwenda kutia karatasi kwenye sanduku, huyo amesoma. Kinachobaki ni matamshi, na matamshi yana kipindi chake. Akikwambia baba alikuwa anakula ugali, hapo hajasoma, weka kosa.

Vivyo hivyo dhambi na zambi, thelathini na selasini. Kusoma kuwe na alama zake, kutamka kuwe na alama zake. Ukichanganya unapima ukoo wa mtoto.

Chaki Nyeupe:
Mama Zamu, hiyo inaonyesha apangiwe kwao basi, na mimi nilisema mbali. Nitafikiri. Lakini kuna utafiti wa Marekani, walimu waliambiwa watoto wao ni werevu sana, mwisho wa mwaka shule nzima ikafaulu. Kwa hiyo imani ya mwalimu ndiyo kila kitu, popote alipo.

Kalamu Nyekundu:
Chaki, tusiutie chumvi. Unazungumzia Rosenthal na Jacobson, 1968, shule ya msingi huko California. Walimu walitajiwa karibu mtoto mmoja kati ya watano, wakaambiwa hao watachanua mwaka huo. Majina yalichaguliwa kama bahati nasibu. Waliopanda zaidi ya wenzao walikuwa hasa wa darasa la kwanza na la pili, madarasa ya juu haikuonekana vile. Na wataalamu wengine walibishia vipimo vyenyewe. Kwa hiyo si shule nzima, na si kila kitu. Ila ona ni kina nani walioguswa: wadogo, ambao mwalimu hana rekodi yao nyingine isipokuwa anavyowaona.

Sasa la mwandiko, ambalo hakuna aliyeligusa. Mleta mada, mtihani wa darasani usiufanyie kwenye daftari. Daftari likishafunikwa gazeti au kaki unalijua ni la nani kabla hujalifungua. Tumia nusu karatasi, namba ya mahudhurio nyuma, jina lisiwepo. Andika mwongozo wa kusahihisha kabla hujasoma hata karatasi moja, maana ukiuandika baada ya kusoma karatasi ya yule bingwa wako, jibu lake ndilo linageuka mwongozo. Sahihisha swali la kwanza kwa darasa zima, changanya karatasi, ndipo uende la pili. Ukisahihisha karatasi nzima ya mtoto mmoja kwa mkupuo, aliyeanza vizuri unamsamehe mbele, aliyeanza vibaya humsamehe tena. Na karatasi ya 70 unaisoma ukiwa umechoka, unakuwa mkali. Baraza la Mitihani lenyewe linatumia namba badala ya majina, na msahihishaji anakaa na swali lake.

Mwandiko hauna alama kwenye jibu la sayansi. Kama unataka kuupima, tangaza zoezi la mwandiko.

Mzee wa Ratiba:
Haya yote mazuri kwa darasa la watoto 45, kama mwongozo wa serikali unavyosema. Kijana anakwenda kukuta 90. Kwa 90 mwalimu anahitaji utulivu kwanza, na wale wa nyuma wasipoonja fimbo mapema hakuna ramani wala kijistari.

Mama Zamu:
Mzee, hapo unamponza mtoto wa watu. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 ziko wazi: visizidi 4, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na inaandikwa kwenye kitabu cha adhabu. Mwanachuo wa BTP hana hayo maandishi. Akishika fimbo ameharibu kazi kabla hajaajiriwa, na huyo mkuu hatamtetea. Na kwa nini wa nyuma ndio waonje? Nani aliwapeleka nyuma? Kwenye dawati la watu watatu, aliyechelewa kwa sababu amechota maji asubuhi anakuta mbele kumejaa.

Mzee wa Ratiba:
Sijasema avunje sheria. Nimesema utulivu.

Mama Zamu:
Umesema fimbo. Iko hapo juu, isome.

Mwanachuo Mwaka wa Pili:
Nimesoma yote mara mbili. Bibo Tamu, samahani. Ile sentensi ya Pwani niliirithi na sikuwahi kuiuliza swali, na sasa naona sikujua hata Newala iko wapi. Nauliza kwa nia ya kujifunza: shule niliyodokezewa ina darasa la nne lenye watoto 92 na vipindi vya dakika 40. Nafanyaje ili wa nyuma waitwe bila kupoteza muda?

Chaki Nyeupe:
Kata boksi la chaki vipande 92, kila kimoja namba ya mahudhurio. Weka kwenye kopo. Uliza swali kwanza, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndipo utoe kipande. Ukitoa namba kabla ya swali, wengine 91 wanapumzika. Kilichotoka kinaingia kopo la pili. Kwa kipindi kimoja utaita kama 12, kwa hiyo vipindi vinane umemaliza darasa. Kosa linalotokea ni kwamba aliyeitwa Jumatatu anajua ameshamaliza, analala mpaka wiki ijayo. Kila siku rudisha vipande vitano kutoka kopo la pili, wao wasijue ni vya nani.

Mama Zamu:
Na usihamishe madawati, hamisha watoto. Kila Jumatatu safu inasogea moja mbele, ya mbele inakwenda nyuma. Kabla hujaanza, waandikishe wote mistari mitano kutoka ubaoni na mitano kutoka kitabuni. Anayekosea ya ubaoni na kupatia ya kitabuni, huenda macho yake yana shida. Huyo anakaa mbele mwaka mzima, na mzazi wake aambiwe ampeleke kituo cha afya. Wengi wa wale wanaoitwa wavivu wa kunakili wamo hapo.

Bibo Tamu:
Samahani imepokelewa. Lakini umesema umedokezewa shule. Ni wilaya gani? Kama ni kusini na unaingia Oktoba, hilo darasa la nne ndilo la upimaji, na vipande vyako 92 siku nyingine vitapata watoto 50. Wasiokuwepo usiwahamishie kopo la pili. Warudishe kopo la kwanza, la sivyo walioko korosho watarudi wakiwa hawajaitwa hata mara moja.

Mwanachuo Mwaka wa Pili:
Ni Tandahimba, hukohuko Mtwara.

Bibo Tamu:
Basi nitumie ujumbe, kuna mambo ya mahudhurio ya huko tuyapange kabla hujaripoti. Na Mzee wa Ratiba bado hajajibu kuhusu Newala.