Nilifika mlangoni pa kikundi cha wanaoacha pombe, nikageuka: naomba ushauri

Msafiri

Salaam kwenu nyote. Nimekunywa pombe karibu kila siku kwa miaka 11, na mwezi uliopita nilijaribu kuacha peke yangu lakini sikuvuka siku ya nne. Mke wangu alinitafutia kikundi cha kusaidiana kinachofuata utaratibu wa AA (Alcoholics Anonymous, chama cha wanywaji wanaosaidiana kuacha pombe), na juzi nilikwenda hadi mlangoni, nikaona viti vimepangwa kwa duara, nikasikia mtu akicheka, nikageuka na kurudi nyumbani. Naomba waliowahi kuhudhuria wanieleze: je, nitalazimishwa kusimama na kusimulia maisha yangu? Je, majina huandikwa mahali? Na mtu ambaye si wa dini sana ana nafasi humo?

Kiti cha Nyuma

Ndugu, kugeuka mlangoni si ajabu. Mimi niliupita mlango wa aina hiyo mara tatu nikijifanya natafuta ofisi nyingine, na hicho kicheko kilichokutisha ndicho nilichokuja kukipenda kuliko yote, kwa kuwa hakuna anayemcheka mtu, wanajicheka wenyewe.

Hutalazimishwa kusema lolote. Zamu ikikufikia, sema kwamba leo ungependa kusikiliza tu, nayo itahamia kwa aliye kando yako. Wengi hujitambulisha kwa jina la kwanza peke yake, na yanayosemwa chumbani hutarajiwa kubaki chumbani, ingawa hilo ni suala la uaminifu wa watu na si sheria yenye askari, kwa hiyo siri nzito zihifadhi mpaka umpate unayemwamini. Fahamu pia kwamba kuna mikutano ya wazi, ambayo hata mkeo anaweza kukaa nawe, na mikutano ya faragha ya wale tu wanaotaka kuacha kunywa. Kwa siku ya kwanza uliza mapema ni upi.

AA yenyewe ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, wakati wanywaji wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, walipogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwasaidia kukaa bila pombe kuliko mawaidha yote waliyokwisha kupewa. Mpaka leo sharti la kujiunga ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, hupitishwa kikapu kwa ajili ya gharama za chumba, na mgeni akikipitisha bila kutia kitu hakuna anayemtazama.

Kuhusu dini, sitakuficha: zile hatua 12 ambazo wanachama wa AA huzifuata ili kuacha pombe humtaja Mungu, ila kwa maneno ya "jinsi tulivyomwelewa", na katika kikundi changu wamo wanaosali na wasiosali kabisa. Ukiona hapakufai, kuna mkondo mwingine uitwao SMART Recovery, ulioanza mwaka 1994, ambao hutumia mbinu za kisaikolojia na hauhusiani na imani. Ninachokusihi ni kutohukumu kwa mkutano mmoja. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa na bwana aliyezungumza dakika 40 bila kupumua. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa nakuandikia.

Muuguzi wa Zamu

Ndugu Msafiri, kabla ya mkutano naomba nikuulize: katika siku zile nne, mwili wako ulikuwaje? Aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatisha ghafla, anaweza kupata degedege, mara nyingi kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, na baada ya hapo baadhi huchanganyikiwa, hupandwa na homa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huweza kuua. Muone daktari kabla ya kujaribu tena, umwambie kiasi halisi unachokunywa, kwani zipo dawa za kutumia kwa siku chache pamoja na vitamini B1. Kikundi ni msaada mkubwa, lakini hakitibu degedege.

Mama Subira

Kaka, mwambie wifi yangu huyo kwamba naye ana mahali pake. Al-Anon, vikundi vya kusaidiana vya familia za wanywaji, ilianzishwa mwaka 1951, na huko ndiko nilikojifunza kuacha kuhesabu chupa za mume wangu na kunusa shati lake kila usiku.

Msafiri

Nawashukuru sana. Muuguzi, siku ya pili mikono ilitetemeka hata mke wangu akanifunga vifungo vya shati, nami nilidhani ni uchovu. Nitamwona daktari Jumatatu, kisha mkutano ni Alhamisi. Kiti cha Nyuma, nisaidie jambo moja dogo: nifike saa ngapi ili nisionekane sana?

Kiti cha Nyuma

Fika dakika 10 kabla, si baada, maana anayechelewa ndiye hugeukiwa na macho yote. Ukimkuta mtu anapanga viti, msaidie. Mtu mwenye viti viwili mikononi haulizwi maswali mengi.