Tupeane uzoefu: taa na nyenga tuliowavua, tuliowauza na tuliowarudisha majini

Mwanzisha mada, Tanga

Ndugu zangu, habari za papa tumezisikia sana, lakini taa, wale samaki bapa wenye mbawa pana, pamoja na jamaa zao nyenga na pungu, tunawapita kimya ilhali wao ndio walioelemewa zaidi. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya aina za papa, taa na jamaa zao zimo katika hatari ya kutoweka, kwamba hali ya taa ni mbaya kuliko ya papa, na kwamba uvuvi uliokithiri unazigusa aina zote zilizo hatarini. Samaki hawa wenye gegedu badala ya mifupa hukua polepole na huzaa kidogo: changu jike humwaga mayai maelfu kwa maelfu, lakini nyenga huzaa watoto wachache walio hai, na manta, yule taa mkubwa mno, hukaa na mimba takriban mwaka mzima apate mtoto mmoja. Naomba kila mwenye aliloliona kwa macho yake alisimulie, aseme ni pwani gani, kwa chombo gani, na samaki yule alifanywa nini.

Mvuvi wa Kilwa Kivinje

Nimevua kwa jarife, wavu wa kutega, tangu ujana wangu. Tunalitega jioni na kulivuta alfajiri, na katika nyavu za macho makubwa namna ile nyenga hakosekani. Jambo ambalo wengi wa bara hawalijui ni kwamba nyenga mwenye mimba akishavutwa chomboni, mara nyingi huzitoa mimba zake palepale juu ya mbao. Watoto hutoka mmoja baada ya mwingine, mbawa zao zimekunjwa zikauzunguka mwili, na mwiba umevikwa ngozi laini ili usimchome mama. Ukimtazama mmoja kwa utulivu utaona anazikunjua mbawa taratibu, na yale matundu mawili yaliyo nyuma ya macho, ambayo taa huvutia maji ya kupumua akiwa amejifukia mchangani, yanafunguka na kufumba.

Nahodha wetu aliweka desturi ambayo naishika mpaka leo, kwamba matundu hayo yakiwa bado yanacheza, samaki anarudi majini, mama na watoto, hata ikibidi kukata uzi wa jarife na kuushona baadaye. Anayerudishwa asiinuliwe kwa kutiwa vidole kwenye matundu hayo wala asiburutwe kwa mkia, bali atelezeshwe ubavuni mwa mashua akiwa juu ya kipande cha wavu. Wako vijana wanaosema tunatupa riziki. Mimi nasema riziki yenyewe ndiyo ile inayorudi majini, kwa sababu majike wakubwa niliokuwa nikiwaona zamani hivi sasa ni nadra.

Mchuuzi wa samaki, Unguja

Shikamoo mzee wangu. Mimi nawaona wakishafika mnadani, kwa hiyo nitasema la huku. Taa mkavu wa tui la nazi ni kitoweo cha watu wa kipato cha chini, na sitaki mtu aseme kwamba akina mama wanaompika ndio waliommaliza. Fedha kubwa iko kwingine, kwenye mapezi ya wale taa wa umbo refu ambayo yana bei ya juu sana katika biashara ya dunia, na kwenye matamvua ya manta yanayosafirishwa kwenda Asia. Ndiyo maana CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliingiza manta katika orodha yake mwaka 2013, na baadhi ya taa hao wa umbo refu mwaka 2019. Kinachoniumiza ni kwamba dikoni kwetu nyenga, pungu na manta wote huandikwa katika safu moja. Aina moja inaweza kutoweka kabisa na jumla ya daftari isibadilike.

Muuguzi, Mafia

Nichangie kuhusu mwiba, kwa kuwa hofu ya mwiba huwafanya wengi wamuue taa hata asiyehitajiwa. Sumu yake ni ya protini na joto huipunguza nguvu, hivyo mguu uliochomwa utumbukizwe katika maji ya moto ya nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90, na maji yapimwe kwanza kwa mguu ule mwingine usiochomwa ili mgonjwa asiungue. Mwiba ulioingia kifuani au tumboni usichomolewe, mgonjwa apelekwe hospitali haraka. Anayetembea kwenye maji ya magoti aburute nyayo mchangani, naye taa ataondoka mwenyewe.

Mzamiaji, aliyefanya kazi Tofo, Msumbiji

Huko Tofo, manta huja kwenye miamba maalumu na kutulia juu yake huku samaki wadogo wakiwasafisha vijidudu, na kila mmoja hutambulikana kwa madoa ya tumboni mwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba kuonekana kwa manta wa matumbawe pale kulipungua kwa asilimia 88 katika miaka minane. Wazamiaji wakongwe hawakuhitaji kuambiwa.

Mwanzisha mada, Tanga

Nawashukuru nyote. Mzee wa Kivinje, nina swali moja: huko kwenu, yale mashimo mapana ambayo taa huyachimba mchangani anapotafuta kaa na chaza bado yanaonekana maji yakitoka?

Mvuvi wa Kilwa Kivinje

Yanaonekana, mwanangu, lakini si kila mahali. Yako mengi karibu na mikoko na kwenye nyasi za bahari ambako juya, wavu wa kuburutwa chini, halivutwi. Panapovutwa juya mchanga ni sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Jarife langu silitegi tena katika maji hayo ya kina kifupi. Nalipeleka nje ya mwamba, ingawa mafuta yananigharimu zaidi.